Mjadala: Nani mwenye haki na jezi ya kijani ya Hartford Whalers?

Mtoa mada: Wakuu, tarehe 23 Desemba 2018 Carolina Hurricanes waliingia uwanjani Raleigh na jezi ya kijani ya Hartford Whalers, wakawafunga Boston 5–3. Wameivaa tena misimu iliyofuata. Hurricanes ndiyo Whalers wenyewe: timu ya hoki ya barafu iliyoihama Hartford, Connecticut, Marekani, mwaka 1997, ikabadili jina. Je, ni halali kuuza kumbukumbu za mji ulioachwa?

Mchangiaji 1: Ni halali. Kilichohama ni leseni ya NHL (ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini), mikataba ya wachezaji, zamu za kuchagua chipukizi na takwimu zote. Ron Francis alicheza Hartford 1981 hadi 1991, akajiunga na Carolina 1998, na ndiye kinara wa pointi wa klabu kwa sababu miaka hiyo yote inajumlishwa. Ukiiondoa Hartford, hesabu yake inavunjika.

Mchangiaji 2: Mkuu, klabu yenyewe iliiondoa Hartford ilipotaka. Whalers walistaafisha namba tatu za jezi, yaani zisivaliwe tena na mchezaji mwingine, kwa heshima ya waliozivaa: 2 ya Rick Ley, 9 ya Gordie Howe na 19 ya John McKenzie. Carolina hawajamgawia mtu namba 9, lakini 2 na 19 walizirudisha kwa wachezaji wapya. 2 ikaja kustaafishwa upya mwaka 2009 kwa heshima ya Glen Wesley. Jezi inayouzika inatunzwa, heshima ya Ley na McKenzie inafutwa. Hilo silikubali kabisa.

Mtoa mada: Na ubingwa wa 1973?

Mchangiaji 1: Ule ni wa WHA, ligi iliyokuwa ikishindana na NHL, wakiitwa New England Whalers na wakicheza Boston. NHL haihesabu takwimu za WHA, hata za Edmonton, Quebec na Winnipeg walioingia nao 1979. Kwa vitabu vya NHL, Hartford ina misimu 18 na ushindi wa mfululizo mmoja tu wa mtoano, dhidi ya Quebec 1986.

Mchangiaji 2: Angalia Cleveland, kwenye NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Timu ya Browns ilipotaka kuhamia Baltimore, mji ulikwenda mahakamani ukishikilia mkataba wa uwanja. Kwa makubaliano ya 1996, jina, rangi na rekodi za Browns zikabaki Cleveland, na Baltimore ikahesabiwa timu mpya. Whalers walikubali kulipa dola milioni 20.5 ili waondoke mwaka mmoja kabla ya muda. Mji unapaswa kudai rekodi na nembo kwenye meza ya namna hiyo, wakati timu bado inahitaji saini yake.