Ushauri: Mjomba aliyeendesha watalii Serengeti anakuja Arizona, nimpeleke jangwa gani na RAV4?

Mwana wa Usa River:
Wakuu, heshima kwenu. Naishi Phoenix, mwaka wa nne sasa. Februari mjomba anakuja kunitembelea. Mzee huyu ameendesha watalii Serengeti na Ngorongoro zaidi ya miaka ishirini, Land Cruiser anaijua kuliko anavyotujua sisi wapwa zake. Nimemtajia Grand Canyon, akauliza, "Shimo tu? Na wanyama je?" Hapo ndipo nilipobanwa.

Nina Jumamosi moja tu. Kwenye ramani nimeona Kofa, hifadhi ya wanyama kusini ya mji mdogo wa Quartzsite. Gari ni RAV4 ya 2016, inavuta magurudumu yote. Inatosha au nikodi Jeep? Na wanyama wapo kweli, au nitaaibika mbele ya mzee?

Fundi Spana:
Mkuu, kabla hujakodi soma mkataba. Wengi wanakataza kutoka kwenye lami. Ukipasua tairi huko, bima haikujui. RAV4 yako inafika Palm Canyon, lile korongo la mitende ndani ya Kofa, ukienda taratibu. Kutoka Quartzsite shika barabara ya 95 kusini kama maili 18, kunja kushoto, halafu maili 7 za vumbi na mawe. Punguza upepo wa matairi hadi kama PSI 25 uone gari inavyotulia, na beba pampu ya kujazia ukirudi kwenye lami.

Ile njia ya Kofa Queen Canyon inayochepuka kabla hujafika mwisho, achana nayo. Inapita ndani ya korongo la mchanga, inataka gari iliyoinuka na fowili ya kweli. Halafu kagua spea. Yako bila shaka ni kile kitairi chembamba cha kusogezea gari mpaka kwa fundi. Mawe ya kule yatakitafuna kama muwa.

Nairobi_Kwetu:
Boss, uncle atalia. Hakuna simba, hakuna ndovu. Utazunguka siku nzima uone sungura wawili na mawe. Mpeleke Las Vegas.

Mama Kiwembo:
Maji mwanangu. Lita nne kwa kila mtu, na dumu la ziada libaki kwenye gari, hata kama ni Februari na hakuna joto. Mtandao unakata mapema, kwa hiyo pakua ramani ukiwa nyumbani. Na mwachie mtu ujumbe mmoja: tunapita njia gani, tusipopiga simu kufikia saa fulani aanze kututafuta. Mimi na mzee wangu tulikaa saa tano porini tunasubiri mtu apite, na tulikuwa na chupa mbili tu za maji. Sitaki kukumbuka.

Bukavu85:
Ndugu, usimsikilize huyo wa Vegas. Mimi niko Tucson tangu 2015. Wanyama wako, lakini hawajionyeshi bure kama kule kwenu. Kofa ilitengwa 1939 kwa ajili ya kondoo wa porini wenye pembe za kujikunja, baada ya vijana wa skauti wa Arizona kupiga kampeni. Usitafute bondeni, tafuta juu kwenye miamba. Utaanza kuona matako meupe yanatembea kwenye mawe, mwili wenyewe una rangi ya jabali.

Kobe na nyoka wengi bado wamelala Februari, ila mchana wa jua nyoka anaweza kutoka, yule anayetikisa mkia kama kayamba. Mkikuta kobe msimnyanyue. Akishtuka anakojoa maji yote aliyoweka akiba mwilini, na bila hayo kiangazi kinaweza kumuua.

Beba chanuo. Utanishukuru.

Mwana wa Usa River:
Chanuo la nini tena? Na mzee goti linamsumbua, kuna kutembea sana?

Bukavu85:
Chanuo utalijua tu. Kutembea haifiki kilomita moja, lakini ni kupanda juu ya mawe. Fikeni kama saa sita, jua ndipo linaingia kwenye ufa wenye mitende.

Mzee wa Darubini:
Mjomba wako akitaka ukubwa, mwambie Kofa ni karibu sawa na Tarangire, haina geti wala kiingilio. Na kama ni Muislamu, simameni makaburini Quartzsite. Amelazwa pale Haji Ali, aliyeletwa na jeshi la Marekani katika miaka ya 1850 kuongoza ngamia. Wamarekani jina liliwashinda, wakamwita Hi Jolly. Alifariki 1902. Juu ya kaburi kuna piramidi ya mawe na ngamia wa chuma.

Mwana wa Usa River:
MREJESHO. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi yote hatukuona kitu, na mzee alinyamaza. Nyie hamjui ukimya wa mjomba wangu.

Saa sita tukapanda Palm Canyon. Mitende imebanana kwenye ufa wa mwamba, majani kama ya mivumo. Mzee akauliza nani aliipanda huko. Nikiwa natafuta jibu, kijiwe kikaporomoka upande wa pili. "Nyamaza." Akainua darubini. Kondoo wanne, dume moja pembe zimezunguka mpaka shavuni. Mimi ilinichukua dakika kumi kuwaona, na alikuwa ananionyesha kwa kidole! Tulikaa pale karibu saa nzima, goti hakulitaja.

Chanuo nimelijua. Kuna kaktasi kule, mmea wa jangwani wenye miiba, ambayo vipande vyake vikikugusa tu vinang'oka na kukuganda. Kilinipata kwenye ugoko, nikataka kukitoa kwa mkono, mzee akanipiga kibao cha mkono na kukichomoa kwa chanuo huku anacheka.

Kwa Haji Ali alinyanyua mikono akasoma Fatiha, kisha akamwangalia yule ngamia wa chuma kwa muda. Kwenye gari akasema, "Safari yake ilikuwa ndefu kuliko yangu."

Sasa anaitaka Kofa Queen kabla hajarudi Arusha, na anasema ataendesha yeye. Fundi Spana, Jumamosi ijayo una nafasi? Na ile pickup yako ya Tacoma ipo?