Mjadala: Kozi ya uofisa katika chuo cha kijeshi cha Monduli iwe ya wenye digrii tu?

Kombania B: Wakuu, naleta hoja. Vita vya leo ni droni, kompyuta na sheria za kimataifa. Luteni usu anayekabidhiwa platuni ya watu 30 lazima awe msomi. Askari asiye na digrii aishie kwenye usajini. Vinginevyo tutazaa akina Idi Amin. Naye alipanda kutoka chini kule KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, chuo cha maofisa hakukijua.

Binti Sajini: La digrii tutalifikia, mkuu. Hilo la Amin limenichoma. Marehemu baba yangu aliitumikia nchi hii hadi akastaafu akiwa sajini. Jenerali Musuguri aliingia KAR 1942 kama askari wa kawaida, na ndiye aliyeongoza Divisheni ya 20 ndani ya Uganda kumng'oa huyo Amin wako. Futa kauli.

Mzee wa Isevya: Wanangu, tulieni. Mnasahau maofisa walivyoasi 1964 pale kambi ya Colito, Dar es Salaam.

Mtu wa Kumbukumbu: Shikamoo mzee. Walioasi Januari 20 si maofisa, ni askari wa Tanganyika Rifles. Walidai mishahara, na maofisa Waingereza waondoke. Nyerere akalivunja jeshi lile, JWTZ ikazaliwa Septemba, mkuu wake Sarakikya, aliyesomea Sandhurst, chuo cha maofisa cha Uingereza.

Kombania B: Si mnaona? Kulijenga upya akapewa msomi!

Binti Sajini: Sandhurst ile haikumpa mtu digrii! Ilimpa uofisa. Kijana anaamshwa saa nane usiku, mvua inanyesha, anashikishwa ramani na dira, anaambiwa arudishe platuni nzima bila kupoteza mtu. Hapo cheti chako cha chuo kikuu kitamsaidia nini? Na kauli bado hujafuta.

Mtu wa Kumbukumbu: Amin na Musuguri wote ni zao la KAR, wote walifika efendi, cheo cha juu kabisa cha Mwafrika kule KAR. Kilichowatenganisha ni kukubali kwamba raia ndiye mwenye jeshi. Ndiyo maana Monduli kulikuwa na wakufunzi wa siasa. Kikwete alikuwa mmojawao miaka ya 80.

Kombania B: Kumbe ndiko mnakotaka turudi, makada jeshini? Hayo tuliyaacha na vyama vingi, 1992.

Mzee wa Isevya: Marahaba, Mtu wa Kumbukumbu. Ila wewe Kombania B, usiite siasa ukada. Sisi tulifundishwa kwa nini tunabeba bunduki, na hatujawahi kuipindua serikali.

Binti Sajini: Kombania B, nakusubiri.