Fundi amenyofoa gurudumu zima la Shimano kwenye baiskeli yangu ya zamani, ananiambia "hili jipya ndilo bora"

Wakuu, habari za jioni.

Niko Morogoro mjini. Fundi baiskeli ameniharibia kitu nilichokihangaikia miezi minne, na hela nimemlipa. Nyuzi za kulalamika huwa siandiki, ila hili limenishinda kulimeza.

Mwanzoni mwa mwaka nilipata baiskeli ya Trek ya miaka ya 90 kwenye mitumba Dar, 90,000. Ilikuwa na kutu, tairi zimepasuka, kamba za breki zimekatika, siti imebaki sponji tupu. Nilichokiona mimi ni stika ya True Temper, watengenezaji wa mabomba ya chuma, kwenye bomba la siti. Maana yake fremu ni kromoli, chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni. Kwa kuwa chuma chenyewe ni kigumu, bomba hutengenezwa nyembamba na fremu inakuwa nyepesi bila kulegea. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja halafu ukanyanyua hizi baiskeli mpya za gia za bei rahisi madukani, huhitaji kuelezwa na mtu.

Mimi ni mwalimu. Nilijipangia 220,000 kwa kila kitu, pamoja na kuinunua. Kwa hiyo kazi nyingi nilifanya mwenyewe uani. Cheni niliilaza kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Vyuma vidogo vyenye kutu nikaviloweka kwenye siki, nikavisugua kwa msasa laini. Habu (vitovu vya magurudumu) zote mbili nilizifungua: ya mbele gololi 10 kila upande, ya nyuma 9 kila upande, zile kubwa za robo inchi. Koni za nyuma, vile vyuma ambavyo gololi huzungukia, nilizipitisha kucha na kuziangalia juani, hazikuwa na kishimo hata kimoja. Nikaweka gololi mpya, grisi mpya, nikafunga mpaka gurudumu likawa linazunguka lenyewe bila kucheza. Zingatieni hapo, kwa sababu ndipo kesi ilipo.

Nilishindwa kimoja tu, kutoa krenki, ile mikono inayoshika pedali. Krenki hizi hazina kota pini, ile pini ya kukazia, kama za Phoenix. Zimekaa kwenye ncha ya ekseli yenye pembe nne, zinatoka kwa kifaa maalumu cha kuvutia, na kifaa hicho sina. Nikaipeleka kwa fundi maarufu hapa mjini. Nilimwambia mambo mawili tu, toa krenki usafishe na kupaka grisi ndani, halafu nyoosha ringi ya nyuma, ina wimbi dogo. Nilimuuliza waziwazi, "Fundi, kifaa cha kuvutia krenki unacho?" Akajibu, "Mwalimu, hizi ndiyo kazi zangu."

Nilirudi baada ya siku mbili. Krenki ya kushoto ina alama za nyundo upande wa ndani, alumini imebonyea, na tundu la bolti limekatika thredi. Alijaribu kuvuta na kifaa kisicho cha krenki hiyo, kilipokula thredi akahamia kwenye nyundo. Unapogonga krenki ya aina hii, pigo linakwenda moja kwa moja kwenye ekseli na gololi zinachimba vishimo kwenye bakuli zake. Sasa nikikanyaga pedali nasikia kokoto. Kabla sijaipeleka mlio huo haukuwepo.

Halafu gurudumu la nyuma. Nilimpa la Shimano (kampuni ya spea za baiskeli), ambalo sproketi zake 7, zile gia za meno, zinachomekwa kwenye ngoma ya habu na beringi ya kulia inakaa nje kabisa, karibu na fremu. Nimekuta gurudumu jingine. Habu ya bati, friwili ya kufunga kwa thredi. Kwenye habu ya namna hiyo beringi ya kulia iko ndani, nyuma ya friwili, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki hakina kinachokishikilia. Weka uzito, piga makorongo, ekseli inapinda. Yangu imepinda siku ya 9. Nilikuwa sijafika hata nusu ya njia ya Morningside, kule mlimani Uluguru, nikashuka na baiskeli begani.

Nilipomuuliza la zamani liko wapi, alisema habu ilikuwa imekufa, ameliuza chuma chakavu. Imekufa vipi, wakati nimeifungua kwa mikono yangu wiki moja kabla? Na hata ingekuwa imekufa, ni mali yangu. Unanipigia simu, unanionyesha, naamua mimi. Kutoza 65,000 kwa gurudumu ambalo sikuliagiza na kubaki na langu kuna jina lake, na jina hilo si ufundi.

Nililipa kwa sababu alikataa kuitoa baiskeli. Najua nilikosea kulipa, msinirudie hapo.

Wauza spea nao wana sehemu yao. Tairi niliuziwa 26 x 1 3/8 wakati ringi yangu ni ya 26 x 1.95. Muuzaji alikuwa anarudia "26 ni 26" mbele ya wateja, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kusoma. Angalieni namba ndogo ubavuni mwa tairi: yangu inatakiwa iandikwe 559, ile ni 590. Hiyo ni tofauti ya milimita 31 za kipenyo, tairi linapwaya kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Kurudisha wakakataa. 18,000 imekwenda hivyo. Mwenye baiskeli ya zamani asitoke dukani bila kusoma namba hiyo, haijalishi anaharakishwa kiasi gani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba baiskeli hizi hazitengenezwi tena. Krenki ikivunjwa thredi imekwenda, habu ikiuzwa chuma chakavu imekwenda. Fundi angesema "hii siijui" ningemshukuru na kumlipa hela ya soda. Mimi mwenyewe krenki sikuigusa kwa sababu sikuwa na kifaa.

Jumatatu naenda kwake na mjumbe wa mtaa. Sitaki hela, nataka gurudumu langu.

Wenye ujuzi naomba mnisaidie mambo mawili. Krenki ya kushoto ya 170 mm, tundu la pembe nne, hata iliyotumika, inapatikana wapi kati ya Moro na Dar? Na ekseli ya krenki ile inayokuja imefungwa pamoja na beringi zake, kwa fremu ya 68 mm, mliinunua shilingi ngapi?

Na mliopo Moro, mtu akikuletea gurudumu la nyuma la 26 lenye habu ya Shimano, litazame spoki kabla hujatoa hela. Zote ni za rangi ya fedha isipokuwa moja nyeusi, ya pili kutoka tundu la valvu. Hiyo niliiweka mimi.