Simbilisi wa mwanangu hataki kutembea, analia nikimshika. Ni baridi au kuna kingine?

mama_tumaini (Isyesye, Mbeya)

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada, hasa kwa mnaofuga simbilisi huku nyanda za juu kusini.

Mwanangu wa darasa la nne ana simbilisi (guinea pig) wawili, majike, ndugu wa tumbo moja. Mjomba wake wa Tukuyu alimpa mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, nao wakiwa wadogo kabisa. Si wa kuchinja, ni wa mtoto, na majina wanayo: Chenga na Karanga. Walinenepa vizuri, wakisikia tu mfuko wa majani unafunguliwa wanapiga kelele nyumba nzima inajua.

Sasa Karanga anaumwa. Tangu wiki iliyopita amejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama, hachezi. Akitembea anaburuta miguu ya nyuma, na magoti naona kama yamevimba. Nikimbeba analia. Chakula anakisogelea, ananusa, anatafuna kidogo kisha anaacha. Kinyesi kimepungua. Kamasi hana, hakohoi. Chenga bado anakula lakini naye amepoa.

Wanakaa kwenye boksi la mbao, chini nimewawekea maranda. Baridi ya Juni na Julai ilipokaza niliwahamishia ndani stoo. Wanakula pumba za mahindi na chakula cha sungura cha dukani, na majani makavu, maana tangu mwezi wa saba huku kwetu kila kitu kimekauka. Maji yapo muda wote.

Muuzaji wa dawa za mifugo kaniambia baridi imemwingia kwenye mifupa, akanipa amoksilini za kapsuli, nipasue nichanganye kwenye maji ya kunywa. Bado sijampa. Halafu nimesoma mahali kuhusu kufuga hamsta, yule mnyama mdogo jamii ya panya, wanasema chakula chake kikuu ni mbegu na nafaka na kila mmoja akae peke yake. Je, nimtenge na mwenzake? Hiyo dawa nimpe? Mtoto hata chakula hali kwa mawazo.

---

mkinga_wa_soweto

Pole mama. Ila kwetu Makete simbilisi wanaishi jikoni, wanazunguka kwenye mafiga, na sijawahi kuona mtu akiwanunulia dawa. Wakizidi ni kitoweo. Huyo ameshadhoofika, mjomba alete mwingine mtoto atulie. Nasema kwa nia njema.

---

subira_uyole

Mama Tumaini, pole sana mdogo wangu. Hiyo amoksilini usimpe. Nasema hivyo kabla ya jambo lingine lolote kwa sababu ndiyo itakayomuua upesi. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni kwa simbilisi zinaua bakteria wazuri wa tumboni wanaomsaidia kusaga majani. Wale wabaya wanabaki wanazaliana na kutoa sumu, anaharisha, na siku chache tu amekwisha. Sisi watu tunaivumilia, mbwa anaivumilia, simbilisi na sungura hapana.

Kwa ulivyoeleza, mimi naona kiseyeye. Ndiyo, kiseyeye hiki hiki cha watu. Mwili wa simbilisi hauwezi kutengeneza vitamini C, lazima aipate kwenye chakula kila siku, sawasawa na binadamu. Mbuzi anajitengenezea, kuku anajitengenezea, sungura pia, na huyo hamsta uliyesoma habari zake vilevile. Ndiyo maana ushauri wa hamsta haukufai hapa. Kwanza hamsta mkubwa wa Syria kweli huishi peke yake, ukimweka na mwenzake wanaumizana. Simbilisi ni mnyama wa kundi. Usimtenge Karanga na ndugu yake, akibaki mpweke atazidi kukataa chakula.

Tazama mambo yalivyokwenda. Mwezi wa pili mpaka wa tano walikula majani mabichi, vitamini ilikuwepo tele. Kiangazi kikaingia, majani yakakauka, na jani likikauka vitamini C yake inapotea. Pumba hazina. Chakula cha sungura hakiwekewi, kwa kuwa sungura haihitaji. Simbilisi hana ghala la kuihifadhi mwilini, wiki mbili tatu zinatosha dalili kuanza. Mishipa midogo inakuwa dhaifu, damu inavujia kwenye viungo, magoti yanavimba. Ndipo anapolia ukimbeba. Mfunue mdomo polepole uangalie fizi kama zimevimba au zina damu.

Kesho asubuhi pita soko la Mwanjelwa ununue pilipili hoho, giligilani na sukuma wiki. Hoho ndiyo bora kuliko zote. Toa mbegu na kikonyo, kata vipande vyembamba, mpe kama robo ya hoho moja asubuhi na majani mengine jioni. Chenga naye apewe, usisubiri aanze kuchechemea. Pera unaweza kumpa kipande kidogo, lina vitamini C nyingi sana, ila sukari yake ni nyingi, lisiwe la kila siku.

Kama Karanga hawezi kutafuna, saga hoho na majani, chuja, tumia bomba dogo la sindano, sindano yenyewe ukiwa umeitoa. Mfunge kwenye taulo. Ncha ya bomba iingie pembeni mwa mdomo, nyuma ya yale meno ya mbele, wala usielekeze kooni. Toa tone moja, subiri uone taya zinacheza na ameze, ndipo utoe lingine. Ukiharakisha inaingia kwenye mapafu. Usimlaze chali. Na unapomwinua, mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine ubebe makalio, uzito wote ukae kiganjani, miguu ile isining'inie.

Majani makavu usiyaondoe, yawepo mchana na usiku. Meno ya simbilisi yanakua maisha yake yote, na majani magumu ndiyo yanayoyasaga. Pumba zipunguze sana, zinamshibisha bure.

Kaka wa Soweto, mimi pia nimekulia kwenye jiko la namna hiyo, nakuelewa. Lakini kumbuka wale wa jikoni wanakula nini: maganda mabichi ya mahindi, mabua ya mboga ya maboga, majani ya sukuma wiki yaliyochambuliwa na kutupwa chini kila jioni. Bibi zetu walikuwa wanawapa vitamini C kila siku. Huyu wa ndani ya boksi anapata kile tu anacholetewa. Na mtoto ameshampa jina, kumbadilishia mwingine hakumfuti huyu. Anaweza kupona.

---

bwana_mifugo_njombe

Nakubaliana na dada Subira, na niongeze vipimo.

Simbilisi mzima ana gramu 700 hadi 1200. Akiwa na afya anahitaji miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mwenye mimba akiwa upande wa juu. Mgonjwa namna hii tunampandisha hadi miligramu 50 kwa kilo mpaka apone. Nunua vidonge vya vitamini C tupu vya watu. Usichukue vile vya vitamini mchanganyiko, maana A na D zikizidi zinamdhuru. Ukipata vya miligramu 100, nusu kidonge kwa siku kwa mnyama wa kilo moja. Saga, changanya na maji kidogo, mpe kwa bomba kama ulivyoelekezwa. Usiweke kwenye maji ya kunywa: inaharibika upesi, hujui amekunywa kiasi gani, na wengine wakisikia ladha imebadilika wanaacha kabisa kunywa.

Mpime kwa mizani ya jikoni kila siku wakati huu, kisha mara moja kwa wiki akishapona. Uzito utakuonyesha tatizo mapema kuliko macho, kwa sababu simbilisi huficha ugonjwa mpaka azidiwe. Akigoma kula kabisa kwa nusu siku usingoje kesho, tumbo lake likisimama ni hatari. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Hata akiwa anakula, naye amwone, kwa sababu kuvunjika mguu na mawe ya kibofu navyo vinaweza kumfanya alie hivyo. Dawa ya maumivu aitoe yeye kwa uzito. Za watu usimpe.

Kuhusu baridi, asili yao ni milima ya Andes huko Peru na Bolivia, kwa hiyo nyanda zetu haziwashindi. Nyuzi 18 hadi 24 zinawafaa zaidi. Kinachowaua ni upepo na unyevu. Inua boksi kutoka kwenye sakafu ya saruji, ndani weka kijumba kidogo chenye majani makavu mengi wajichimbie. Jiko la mkaa usiwawekee stoo, moshi wake unawaua wao na watu pia.

Maranda ya paini yakiwa mabichi kutoka mashineni, yale yanayonuka utomvu, yanawasha mapafu. Yaanike juani mpaka harufu iishe, kisha juu yake tandika majani makavu. Unga wa mbao usitumie kabisa.

---

mnyalu_ipogolo

Kamwene wote. Mimi niko Iringa, na kiangazi hiki nategemea majani ya bustani za kando ya Ruaha Mdogo. Hapo kuna jambo la kuangalia: mwulize mwenye bustani alipiga dawa lini. Wengi wanapiga dawa ya wadudu leo, kesho wanavuna majani ya nje na kuyatupa, nasi tunaokota. Mimi nimeamua kupanda giligilani na sukuma wiki kwenye ndoo chakavu nyuma ya nyumba, nazimwagilia maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni.

Majani ya viazi mviringo na ya nyanya msiwape, ni sumu. Vitunguu navyo hapana. Parachichi vilevile, nasema kwa ajili ya wa Rungwe na Njombe ambako yanaanguka chini ya mti na mtoto anaweza kudhani anamfurahisha mnyama. Kabichi kidogo tu, inajaza gesi.

---

mama_tumaini

Asanteni sana, ndaga fijo. Dawa ya yule muuzaji haikutumika. Nilinunua hoho na vidonge vya vitamini C, fizi nilizitazama zilikuwa nyekundu na zimevimba. Daktari wa mifugo alimwona, naye akasema kiseyeye, akampa dawa ya maumivu kidogo. Siku mbili za kwanza tulimlisha kwa bomba, mtoto akishika taulo mwenyewe. Sasa Karanga anakula hoho kutoka mkononi, analia akisikia mfuko, na magoti yamepungua. Bado anatembea kwa uangalifu, lakini haburuti tena miguu. Uzito unapanda.

Mkinga wa Soweto, hata wewe asante, habari yako ya wale wa jikoni ndiyo iliyofanya niwawekee mabua ya mboga ya maboga. Wanayagombania.

Swali la mwisho. Mjomba amesikia habari, anataka kuleta dume ili wazae mtoto afurahi. Mnashaurije?

---

mkinga_wa_soweto

Hongera mama, nimefurahi. Hilo la mboga nilikuwa silijui maana yake, nikienda nyumbani nitawaambia.

---

subira_uyole

Nimefurahi mno, mpe mtoto salamu zangu.

Dume asiletwe. Hesabu umri wao. Mwezi wa pili walikuwa wadogo, sasa ni Septemba, wana miezi saba au minane. Simbilisi jike ambaye hajawahi kuzaa akipita miezi sita au saba, mifupa ya nyonga inaungana na haifunguki tena vizuri. Watoto wake huzaliwa wakubwa, wana manyoya, macho wazi, siku ya kwanza tu wanaanza kutafuna majani. Ukubwa ule haupiti kwenye nyonga iliyofunga. Mama anakufa na watoto tumboni isipokuwa apasuliwe. Na hata nyonga ingekuwa bado wazi, Karanga ametoka kuumwa, mimba ya miezi miwili ingemmaliza.

Kama mjomba anatamani kuleta mgeni, alete jike dogo. Mweke kwenye boksi lake pembeni kwa wiki mbili hivi, umwangalie chafya, utitiri na kujikuna. Kisha wakutanishe mahali ambapo si pa yeyote kati yao, sakafuni sebuleni kwa mfano, katikati ukiwa umemwaga rundo la majani mabichi. Watafukuzana kidogo na kugongana meno, waache, ila damu ikitoka watenganishe. Na aangalie vizuri kabla hajamsafirisha kutoka Tukuyu kama kweli ni jike. Wadogo wanachanganya, na dume wa wiki tatu nne tayari anaweza kumpandisha mwenzake.