Ushauri: Uhakiki wa viraka kabla ya kupandisha EBS 12.1.3 kwenda 12.2

Kiraka Kipya: Wakuu, salamu. Mwisho wa wiki ijayo tunapandisha Oracle E-Business Suite (EBS, mfumo wa kuendeshea shughuli za kampuni) kutoka 12.1.3 kwenda 12.2, na kwa kuwa huduma kamili ya matengenezo ya 12.1 ilikoma Desemba 2021, wakubwa hawataki tena kusikia neno kuahirisha. Tumekwisha kufanya mazoezi mawili kwenye mazingira ya majaribio. Nimelinganisha kila kiraka (kifurushi cha marekebisho ya programu) kilichomo kwenye mpango wetu na AD_BUGS, jedwali linaloandikisha viraka vilivyowekwa, na vyote vinaonekana vimeingia. Je, uhakiki huo unatosha, au ni lazima nipitie mafaili ya logi moja baada ya jingine? Usingizi umenipaa.

Nahodha wa Seva: Mkuu, mimi ningeanza kwingine kabisa. Mmeendesha ETCC, zana ya Oracle ya kukagua viraka vya msingi? Skripti ya checkDBpatch.sh hukagua hifadhidata, na checkMTpatch.sh hukagua tabaka la programu, kisha kila moja hukutajia namba za viraka vilivyokosekana. Watu hushughulika na viraka vya moduli wakasahau msingi ulio chini yake. Pakueni toleo jipya la ETCC kila mnapoanza zoezi, maana orodha yake hubadilika.

Kiraka Kipya: Nashukuru mkuu, ETCC ni safi pande zote mbili. Swali langu bado ni la AD_BUGS.

Binti Hifadhidata: AD_BUGS inakuambia kwamba kiraka kimeandikishwa, haikuambii kwamba kila kazi iliyomo ndani yake ilifanikiwa. Kuna kazi yoyote iliyofeli katika mazoezi hayo, na ilimalizikaje?

Kiraka Kipya: Hakuna kikubwa, dada. Kazi moja tu.

Binti Hifadhidata: Hiyo moja ndiyo ninayoiulizia.

Kiraka Kipya: Sawa, niseme yote. Mtendakazi namba 7 (mmoja wa michakato inayotekeleza kazi za kiraka) alifeli wakati wa kujenga faharasa ya kipekee, isiyoruhusu ufunguo kujirudia, kwenye jedwali moja la wasambazaji, akarudisha kosa la ORA-01452. Nilijaribu kumwanzisha upya mara tatu bila mafanikio, na kwa kuwa ilikuwa alfajiri, nilifungua adctrl, zana ya kuwasimamia watendakazi, nikaandika 8, chaguo ambalo halionekani kwenye menyu, ili kazi hiyo irukwe. Adpatch, programu inayoweka viraka, ikaendelea hadi mwisho. Katika zoezi la pili nilifanya vivyo hivyo, na hatua hiyo sasa imo kwenye mpango wa siku yenyewe. Naomba ieleweke kwamba ni faharasa moja kati ya maelfu ya kazi, na watumiaji waliojaribu mfumo hawakulalamika.

Mpenda Mizaha: Yaani dhambi imekwisha kupangiwa saa yake kwenye ratiba!

Mzee wa Logi: Tusicheke, nami nimepita hapo. Miaka kadhaa iliyopita niliruka kazi iliyokuwa ikitengeneza kifurushi kimoja cha msimbo, nikajiambia kwamba nitairudia asubuhi, na asubuhi ikaja na simu zake. Tulikumbuka siku ya kufunga mwezi. Vijana, jambo la kwanza katika kazi hii ni kusema kweli mbele ya bosi hata kama bosi amekunja uso.

Shahidi wa Pili: Mimi naona hadithi hii imetungwa. Toleo la 12.2 linatumia adop, zana nyingine ya kuweka viraka, yenye hatua za prepare, apply, finalize, cutover na cleanup. Anayedai kwamba alifika 12.2 kwa adpatch ametunga habari ili apate wachangiaji.

Kiraka Kipya: Sijatunga, ndugu yangu. Niliunganisha dereva ya u10124646.drv (faili la maelekezo ya kupandisha toleo) na kiraka cha CUP (mkusanyo wa marekebisho ya kazi hiyo), nikaiendesha kwa adpatch options=nocopyportion,nogenerateportion.

Binti Hifadhidata: Hapo yuko sahihi. Adop huanza kutumika baada ya kiraka 13543062 kuwezesha utaratibu wa kuweka viraka mfumo ukiwa hewani. Kabla ya hapo, kazi ya kupandisha toleo ni ya adpatch. Turudi kwenye hoja. ORA-01452 maana yake jedwali lina safu zinazorudia ufunguo uleule, na kama mazingira yenu ya majaribio ni nakala ya mfumo halisi, basi safu hizo ziko kwenye mfumo halisi sasa hivi. Ukiruka kazi hiyo, hakutakuwa na cha kuzuia safu nyingine zilizojirudia zisiingie. Huna haja ya kusubiri siku ya kupandisha ili uzione, kwani amri za SQL za GROUP BY na HAVING juu ya safuwima za faharasa hiyo zitakuonyesha leo. Kisha fungua adwork007.log, logi ya mtendakazi huyo, uone kama ni hiyo pekee iliyofeli.

Kiraka Kipya: Lakini nikilifumbua hili sasa, tarehe itasogea, na mimi ndiye niliyesaini kwamba tuko tayari.

Mzee wa Logi: Nani aliyeingiza data kwenye jedwali hilo moja kwa moja? Programu yenyewe hairuhusu msambazaji kujirudia hivyo.

Kiraka Kipya: Kulikuwa na skripti ya zamani ya kuhamisha data, iliyoandikwa kabla sijaajiriwa.

Kiraka Kipya: Nimerudi. Kwenye mfumo halisi kuna jozi 37 zinazojirudia, na katika 5 kati ya hizo rekodi zote mbili zina ankara ambazo hazijalipwa, kwa hiyo siwezi kufuta chochote kabla ya watu wa uhasibu kuamua ipi ibaki. Nimeifuta kwenye mpango ile hatua ya kuandika 8. Orodha nimewatumia wao na nakala nimempelekea bosi, bado hajajibu.