MALALAMIKO: Mifumo ya haidroponiki tunayouziwa Mtwara na Lindi inaua mizizi kwa kukosa hewa, na wauzaji wanatuambia tuongeze virutubisho

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Wakazi wa Mtwara na Lindi tunaendelea kuuziwa mifumo ya haidroponiki ya nyumbani, yaani ya kukuza mimea kwenye maji yenye virutubisho bila udongo, ile ya mabomba meupe ya plastiki yaliyopangwa juu ya fremu ya chuma na ndoo ya virutubisho ikiwa chini yake, kwa ahadi kwamba mtu atavuna saladi na chainizi barazani kwake bila jembe wala palizi. Mfumo unafika kwa basi kutoka Dar es Salaam, unafungwa, mimea inashika vizuri wiki za mwanzo, kisha joto la Novemba likiingia kila kitu kinanyauka. Ukimpigia muuzaji simu, jibu lake ni moja: "Dada, ongeza virutubisho." Ukiongeza, mimea inazidi kudhoofika, na hapo anakuletea dawa ya kuvu uinunue. Muuzaji wangu sitamtaja, kwa sababu niliyoyakuta kwenye mfumo wake nimeyakuta pia kwa majirani walionunua kwa watu wengine kabisa, na ninachotaka ni jambo lenyewe lijibiwe mbele ya watu.

Jambo lenyewe ni kwamba mizizi inakosa oksijeni. Ukichomoa kikombe cha matundu kinachoshika mmea kwenye bomba la chini kabisa, mizizi ambayo ingepaswa kuwa myeupe na imara inatoka ikiwa ya kahawia, inateleza mkononi, na ukiivuta kidogo kwa vidole ganda lake linavuka lote na kubaki uzi mwembamba wa katikati. Harufu yake ni ya tope la mikoko ya Mikindani maji yakiwa yamekupwa. Mmea wa namna hiyo hulegea majani saa sita mchana ilhali mizizi yake imezama majini, kwa kuwa mzizi usiopata oksijeni hauna nguvu ya kunyonya maji wala madini, hata kama umezungukwa nayo. Majani yanakuwa ya njano, na mtu asiyetazama chini ya kikombe atadhani ni njaa ya mbolea. Kumwambia mnunuzi aongeze virutubisho katika hali hiyo ni kumdhuru, maana chumvi za virutubisho zikizidi ndani ya maji, mzizi uliokwisha kuchoka unapata taabu zaidi kuyavuta hayo maji.

Wauzaji hawa wanajiita wataalamu, kwa hiyo nitawakumbusha hesabu ambayo mtaalamu wa haidroponiki hapaswi kuisahau. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Maji safi yenye nyuzi joto 20 yanaweza kushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita moja. Yakifika nyuzi 25 yanashika kama 8.3, yakifika nyuzi 30 yanabaki na uwezo wa kushika kama 7.5 tu, na hicho ni kiwango cha juu kabisa, maji yakiwa yameshiba hewa. Wakati huohuo mzizi wenyewe, kadiri joto linavyopanda, hupumua kwa kasi zaidi; ongezeko la nyuzi 10 hukaribia kuongeza mahitaji yake maradufu. Maana yake ni kwamba ndoo iliyowekwa juani Shangani au Chuno mwezi wa Desemba inapungukiwa oksijeni wakati uleule mimea inapoihitaji zaidi. Miongozo mingi ya kilimo hiki hutaka maji ya virutubisho yawe kati ya nyuzi 18 na 22. Ni nani kati yenu, wauzaji, aliyewahi kumpa mteja wa huku kipimajoto cha maji, au hata kumwambia asiweke ndoo juani?

Badala yake tunapewa karatasi ya maelekezo inayosema pampu iwashwe dakika 15 kila baada ya saa 4, na usiku izimwe kabisa "kwa kuwa mimea imelala". Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike. Mzizi haulali. Majani ndiyo yanayohitaji mwanga ili yatengeneze chakula, lakini mzizi unapumua usiku na mchana, na ukizima pampu kuanzia magharibi hadi asubuhi, maji machache yaliyobaki ndani ya bomba yanaliwa oksijeni yake yote kabla ya alfajiri. Ikiwa mabomba yanapitisha mwanga na ukungu wa kijani umeota ndani, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mwani nao unatumia oksijeni hiyohiyo gizani.

Nije kwenye pampu. Ubavuni mwa pampu niliyoletewa pameandikwa kwamba kimo chake cha juu kabisa ni mita 1.2, na kwamba inasukuma lita 800 kwa saa. Muuzaji anakusomea hizo lita 800 kwa sauti kubwa, na hicho kimo hakitaji. Namba ya lita hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Namba ya kimo ndipo maji yanapokoma kabisa kutoka. Fremu yenyewe ina bomba la juu lililo zaidi ya mita moja kutoka usawa wa maji ya ndoo, kwa hiyo kinachofika kule juu ni mchirizi wa kuhurumia, wala si lita 800. Mfumo wa aina hii unahitaji lita moja hadi mbili kwa dakika katika kila mfereji. Hapa mabomba yote yameunganishwa kwa kufuatana, la juu linamwagia la chini yake hadi la mwisho, na mchirizi huohuo mmoja unapita kwenye kila mmea ukinyang'anywa oksijeni njiani. Ndiyo maana mimea ya bomba la mwisho ndiyo inayoanza kufa, na ndiyo maana nimesema mchomoe kikombe cha chini kwanza.

Mabomba yenyewe yamefungwa yakiwa sawasawa kabisa, wakati yanatakiwa yainame sentimita 2.5 hadi 3 kwa kila mita ili maji yatembee. Yasipoinama, maji yanatuama katikati.

Mfumo huu wa kupitisha utando mwembamba wa maji kwenye mifereji uliendelezwa Uingereza katika miaka ya 1960 na mtafiti Allen Cooper, kwenye nchi ya baridi. Wazo lake lilikuwa maji yawe kidogo mno chini ya mzizi, ili sehemu kubwa ya mzizi ibaki kwenye hewa yenye unyevunyevu, na pampu isizimwe. Lita moja ya hewa ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya ile iliyomo katika lita moja ya maji yetu ya joto, kwa hiyo nafasi ile ya hewa ndiyo uhai wa mfumo mzima. Ninyi mmechukua umbo la mfumo, mkaliacha wazo. Mmeweka tundu la kutolea maji juu mno kwenye mfuniko wa bomba, bomba linajaa zaidi ya nusu, mzizi wote umezama, halafu mkaagiza pampu izimwe.

Na bomba la kurudishia maji mmelitumbukiza hadi chini ya ndoo ili lisipige kelele. Kelele ile ndiyo tunayoihitaji! Maji yanapoanguka kutoka juu na kuuvuruga uso wa ndoo, ndipo yanapovuta hewa. Fundi bomba yeyote wa Mtwara angelikata bomba hilo kwa msumeno lining'inie sentimita 20 juu ya maji, kwa gharama ndogo kabisa, na mfumo ungepata nafuu siku hiyohiyo. Niliwasilisha hoja hiyo kwa muuzaji, akanijibu kwamba nikikata chochote dhamana inakwisha.

Kuhusu ile dawa ya kuvu, nataka kila aliyeuziwa asome hapa kwa makini. Ugonjwa wa kuoza mizizi unaosumbua sana kwenye maji ya joto yenye oksijeni kidogo husababishwa na kimelea kiitwacho pithiamu, ambacho kwa asili yake si kuvu halisi, na dawa nyingi za kuvu hazina nguvu juu yake. Vijimbegu vyake vina mikia na vinaogelea majini. Katika mfumo ambao maji yanazunguka, mmea mmoja ukiugua, pampu inausambaza ugonjwa kwa mingine yote. Tena tunazungumzia saladi, mboga inayoliwa mbichi, ambayo muuzaji anakushauri umwagie sumu kwenye maji yake siku chache kabla ya kuvuna. Ushauri huo ni wa hatari na ukome.

Yupo jirani yangu mwenye ndugu Newala, kule uwanda wa juu wa Makonde ambako maji ni ya kununua kwa dumu. Mfumo ukioza, ndugu huyo analazimika kumwaga ndoo nzima, kuosha mabomba yote na kununua maji upya, pamoja na virutubisho vipya. Hasara ya mtu kama huyo haifanani na ya mtu mwenye koki uani, na muuzaji aliyempelekea mfumo aliyajua mazingira yake, kwa sababu aliufunga kwa mikono yake mwenyewe.

Umeme nao unakatika. Kila mkazi wa huku analijua hilo, ingawa gesi ya Mnazi Bay inayozalisha umeme inatoka kwenye ardhi ya mkoa huuhuu. Utando wa maji ukikatika mchana wa jua kali, mizizi iliyo hewani inaweza kukauka ndani ya saa chache. Mfumo ambao mimea inaelea juu ya tangi lenye maji mengi, ukiwa na pampu ndogo ya hewa na jiwe la kutoa mapovu, unastahimili zaidi. Pampu ya hewa ya voti 12 inayotumia wati 5 inaweza kuendeshwa na betri ndogo ya ampia-saa 7 kwa saa 8 bila kuimaliza betri. Ipo pia njia ya Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii isiyotumia umeme kabisa, ambapo maji hupungua kadiri mmea unavyokunywa na mizizi ya juu hubaki hewani. Kwa nini hamtuuzii hivyo? Ndoo nyeusi yenye mfuniko, iliyozikwa nusu ardhini chini ya kivuli cha makuti, ingemfaa mkazi wa Lindi kuliko fremu yenu ya chuma. Na hata mapovu yasitumiwe kutudanganya, maana pampu ya hewa haiwezi kuzidisha oksijeni kupita kiwango ambacho maji ya moto yanaweza kushika. Kivuli kinatangulia, mapovu yanafuata.

Madai yangu kwa wauzaji wanaosoma jukwaa hili yako wazi. Kila tangazo la mfumo lionyeshe pampu inatoa lita ngapi kwa dakika pale kwenye bomba la juu, na mpime mbele ya mteja kwa kopo la lita moja na saa ya simu. Ondoeni maelekezo ya kuzima pampu usiku. Semeni kabla ya kupokea hela mfumo utafanyaje umeme ukikatika mchana. Mliowauzia watu mabomba yasiyoinama na pampu zisizofikisha maji, rudini mrekebishe kwa gharama zenu, kwa sababu huo ni ubovu wa bidhaa na mteja hahusiki nao.

Wanajukwaa mlionunua, wekeni hapa picha mbili: maandishi ya ubavuni mwa pampu yenu, na mizizi ya mmea wa bomba la chini kabisa. Andikeni pia kimo kutoka usawa wa maji ya ndoo hadi bomba la juu. Risiti zangu na ujumbe wote niliojibizana na muuzaji ninazo, na atakayejitokeza kujibu kwa hoja nitamjibu hapahapa.