CEA ya baba (alama ya saratani inayopimwa kwenye damu) imepanda, saratani imerudi?

MwanaMatondoni: Assalam aleikum. Baba yangu ni fundi wa majahazi huku Matondoni, umri miaka 63. Mwaka jana alitolewa tumbo lote la chakula kwa saratani, akatiwa kemo, akamaliza. Baada ya hapo alipimwa damu Mombasa, CEA ikawa 3.2. Juzi nilimwonea huruma na safari, tukapimia Malindi: 6.8. CA 19-9, alama nyingine ya damu, iko sawa. Karatasi nimeificha, mzee hajaiona. Kwenda Mombasa ni boti hadi Mokowe, kisha basi kutwa nzima. Je, imerudi?

BintiShela: Pole sana ndugu yangu, Mungu amponye mzee. Suali moja tu: anavuta?

MwanaMatondoni: Aliacha alipopasuliwa. Tangu Rajabu karudia. Akitia kalafati (pamba ya kuziba nyufa za jahazi), sigara i mdomoni.

MuuguziMstaafu: Basi anzia hapo, mwanangu. Mvutaji CEA yake huwa juu hata akiwa mzima. Kile kiwango cha juu cha kawaida, 5, ni cha asiyevuta. Mvutaji aweza kukaribia 10 bila saratani. Ini likiugua nalo huipandisha. Tena umelinganisha maabara mbili, na kila mashine ina vipimo vyake. Rudieni maabara ile ile ya kwanza. Kinachotazamwa ni mwendo: ikipanda leo, ikapanda tena mara ya pili, daktari ataagiza siti skani na kamera ya kutazama ndani.

Ila CA 19-9 isikulaze usingizi. Wako watu ambao kwa maumbile yao mwili hauitengenezi kabisa. Na saratani ya tumbo yaweza kurudi alama zote zikiwa chini. Mzee akianza kukonda, kutapika, tumbo kujaa maji au macho kuwa manjano, msingoje karatasi.

JiraniWaPate: Mpe habasoda na mwarobaini, atapona.

MuuguziMstaafu: Habasoda atie kwenye chai akipenda, lakini daktari aambiwe kila anachokunywa. Mwanangu, ripoti ya patholojia (ya uchunguzi wa nyama iliyotolewa) mnayo? Hiyo yasema mengi kuliko damu. Angalia tezi ngapi za limfu zilichunguzwa (chini ya 15 hesabu haiaminiki), ngapi zilikuwa na saratani, na ukingo wa mkato ulikuwa safi au la.

KijanaWaMaabara: Naongezea. Ile nyama iliyotolewa hupimwa HER2 (protini inayochochea saratani kukua) na MSI (dalili kwamba saratani haiwezi kurekebisha makosa ya DNA yake). Wenye MSI ya juu kwa kawaida hali yao baada ya upasuaji huwa nafuu zaidi. HER2 haitabiri sana kurudi, lakini ikirudi ndiyo huamua kama dawa ya trastuzumab itamfaa. Utasikia pia habari za ctDNA, vipande vya DNA ya uvimbe vinavyoelea kwenye damu. Vikionekana baada ya upasuaji hatari ni kubwa, na mara nyingine hutangulia skani kwa miezi. Lakini ni ghali na bado si kipimo cha kawaida cha ufuatiliaji. Usiuze mashua kwa ajili yake.

BintiShela: Na sindano ya vitamini B12? Mamangu mdogo naye hana tumbo. Alichoka hadi akawa hapandi ngazi, nyumba nzima tukalia kuwa imerudi, kumbe ni damu imepungua. Asiye na tumbo haifyonzi B12 ya chakula, huchomwa maisha yake yote.

MwanaMatondoni: Nimeipata ripoti, alikuwa ameitia kwenye kopo la misumari. Tezi 22, tatu zina saratani, ukingo safi. HER2 haikuandikwa. B12 hajachomwa tangu Shaabani, kosa langu. Daktari nimempigia, kasema twende Jumatatu, damu itolewe pale pale.

Mzee alinikuta nasoma. Akauliza, "Imepanda?" Nikamwambia imepanda, baba. Akanyamaza, akaendelea kusokota pamba ya kalafati. Baadaye akasema nimkatie tikiti ya dirishani, basi humchafua moyo.

MuuguziMstaafu: Mfungashie chakula kidogo kidogo cha njiani, halua asile. Tumjulie hali Jumanne.